Walipohama Mtandao

Simu ya Tabita ilikuwa imemkaribisha Zambia tena. Alikuwa kwenye kibanda chake cha mchele sokoni Tunduma, hajavuka mpaka, hajainuka hata kwenye stuli, lakini ujumbe ulisema karibu Zambia, na salio aliloweka asubuhi lilikuwa limeisha. Muda si muda akaja mteja wake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mama mnene aliyezoea kuchukua mchele wa Kamsamba kila wiki, safari hii mikono mitupu.

"Bamayo, mama yangu, tangu jana nakupigia, haupatikani," alisema. "Nimeshachukua kwa mwingine."

"Ni mtandao, dada yangu. Unanirusha upande wenu."

"Hama basi. Wenzako wote wamehama."

Ilikuwa kweli. Mnara wa mtandao wa Tabita ulikuwa mbali, na minara ya Zambia ilikuwa karibu, hivyo simu za watu wa mitaa ile zilikuwa zikivuka mpaka bila pasi. Wauza mchele wengine walikwisha kuhamia mtandao mwingine ambao mnara wake ulisimama kilimani, juu ya nyumba zao. Tabita alichelewa kwa sababu moja tu, nayo ilikuwa nyumbani, imebanwa ukutani juu ya kochi.

Kilikuwa kisanduku cheupe cha alamu. Binti yake, Fortunata, anayefanya kazi Ndola, Zambia, ndiye aliyekilipia baada ya baba yake kupata ajali ya lori na kushindwa kutembea. Rubeni, mume wa Tabita, alishinda peke yake nyumbani tangu Tabita aende sokoni mpaka arudi. Shingoni alivaa kitufe kwenye kamba. Akikibonyeza, kisanduku kilituma taarifa kwenye kampuni ya ulinzi Mbeya, na Mbeya wakawapigia walinzi wao wa pikipiki walioko Tunduma. Kitufe hakikupiga kelele. Kampuni yenyewe ndiyo iliyoshauri hivyo, ili mwizi asishtuke akamdhuru mgonjwa. Ndani ya kisanduku mlikuwa na laini, kama ile ya simu, nayo ilisajiliwa kwa jina la Tabita kwenye mtandao uleule wa zamani.

Hata kampuni ilikuwa imeanza kulalamika. "Mama, kifaa chako kinapotea hewani mara kwa mara," dada mmoja wa Mbeya aitwaye Jenista alimwambia kwa simu. "Badilisha mtandao. Ukishahama utujulishe, fundi wetu atakuja kukiweka sawa."

Kwa hiyo siku ile, mteja wa Nakonde alipokwisha kuondoka, Tabita alimwomba jirani amwangalizie kibanda akaenda kwa Jastin, kijana wa mtandao mpya aliyekaa chini ya mwavuli kwenye lango la soko.

"Namba yangu itapotea?"

"Haipotei, mama. Unahama nayo. Watu hawatajua hata kama umehama."

"Nina laini nyingine iko kwenye alamu ya nyumbani. Nayo inahama?"

"Laini ni laini, mama. Weka kidole."

Tabita akaweka kidole. Mashine haikukisoma. Miaka ya kuchota mchele kwa mikono ilikuwa imemlainisha ncha za vidole. Jastin akamfuta kidole kwa kitambaa, akamwambia abonyeze tena, halafu tena, huku watu waliopanga foleni nyuma yake wakianza kuguna. Mwanamume mmoja akasema, "Mama, lete kidole cha mguu," na watu wakacheka. Tabita naye alicheka kidogo ili yaishe. Kidole gumba cha kushoto ndicho kilichokubali.

*

Jioni Jastin alikuja mwenyewe nyumbani kuweka laini mpya. Alikuwa kijana mwema na hakudai chochote. Alipanda juu ya kochi, akafungua kisanduku, akatoa laini ya zamani iliyokwisha kukatika, akaingiza mpya. Taa ya kijani ikawaka.

"Tayari," alisema.

Rubeni alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha. Alikuwa mtu mrefu, na kukaa kulimfanya aonekane kama mtu aliyejikunja kusubiri kupita chini ya mlango. "Kwa hiyo nikibonyeza sasa wanakuja?"

"Wanakuja, mzee. Taa si unaiona?"

Tabita alimsindikiza Jastin mpaka barabarani, kisha akasimama nyuma ya nyumba, kando ya jiko la mkaa, akapiga Mbeya. Simu ilipita vizuri, sauti safi, na hilo lilimpa moyo.

"Nakuona, mama Tabita," Jenista alisema. "Lakini kifaa chako hakipo hewani kabisa."

"Taa inawaka ya kijani."

"Hiyo inaonyesha kina umeme tu. Kisanduku bado kinautafuta mtandao wa zamani. Lazima fundi aje akipe setingi za huu mpya."

"Aje lini?"

"Tuna fundi mmoja kwa mikoa yote hii. Nitamwandikia. Tegemea wiki hii."

Tabita alirudi ndani. Rubeni alikuwa amekishika kile kitufe kifuani, anakitazama.

"Wamesemaje?"

Alitaka kumwambia. Lakini alikumbuka jinsi mumewe alivyokuwa kabla ya alamu, alivyomzuia mlangoni kila asubuhi kwa maswali, alivyompigia sokoni kuuliza kama ni yeye aliyesukuma geti au ni mtu mwingine. Alamu ilimrudishia usingizi. Ingekuwa siku chache tu.

"Wamesema iko sawa," Tabita alijibu, akaenda kuinjika maji ya ugali.

*

Wiki ikapita bila fundi. Tabita alipiga kila siku, na kila siku alipiga kutoka nyuma ya nyumba, akishusha sauti. Fundi, aliyeitwa Lusubilo, alikuwa Kyela. Halafu alikuwa Makambako. Halafu pikipiki yake iliharibika. Siku moja Tabita alipewa namba yake, akampata, na Lusubilo akamweleza kwa haraka kwamba hata akija huenda isisaidie, kwa sababu laini mpya ilifunguliwa kama laini ya simu ya kawaida, na mtandao unatakiwa kuiruhusu kutuma taarifa za kifaa.

"Nenda dukani kwao, mama. Waambie wakufungulie."

Akaenda. Duka la mtandao lilikuwa na kiyoyozi na viti vyekundu. Tabita alikaa akiwa na vumbi la mchele kwenye kitenge, akangoja namba yake iitwe. Dada wa kaunta alimsikiliza huku macho yakiwa kwenye kompyuta.

"Simu yako haifanyi kazi?"

"Simu inafanya kazi. Ni laini ya alamu."

"Alamu ya kuamkia?"

"Ya wezi."

"Mama, hiyo ni ya kampuni ya ulinzi. Sisi laini yetu iko sawa. Nimeijaribu hapa, inapokea."

"Fundi wao amesema muifungulie."

"Tufungue nini? Akuandikie anachotaka."

Tabita akampigia Lusubilo pale pale ili wazungumze wenyewe kwa wenyewe, lakini hakupatikana. Dada wa kaunta alingoja kidogo kwa adabu, kisha akaita namba iliyofuata. Tabita alipoinuka aliona amekiachia kiti chekundu alama nyeupe ya unga wa mchele. Akaipangusa kwa kiganja kabla hajatoka.

Alipompigia Jenista kumweleza, Jenista hakuwa na hasira wala haraka. Alikuwa na ile sauti ya mtu anayeongea na watu wengi wenye shida moja. "Mama, sisi tunauza ulinzi, hatuuzi mtandao. Ila nitamkumbusha fundi. Na tafadhali usisahau ada ya mwezi huu, isije huduma ikasitishwa."

"Huduma ipi?"

"Ndiyo taratibu zilivyo, mama."

Tabita akalipa. Aliogopa kwamba asipolipa, fundi atakapopatikana watamwambia alikwisha kufutwa. Alimwomba pia jirani yake, mama Clever, awe anachungulia mara mojamoja mchana. Mama Clever akakubali, na kweli akawa anachungulia. Geti likaachwa bila kufuli kwa ajili yake.

Alifikiria kufunga kibanda akae nyumbani. Lakini mzigo ulikwisha kushuka kutoka Kamsamba, magunia yamejaa chumba cha nyuma kwa sababu stoo za sokoni zilijaa, na kila siku bila kuuza ilikuwa siku ambayo dawa za Rubeni zingenunuliwa kwa kukopa. Fortunata alipopiga kutoka Ndola akauliza, "Alamu iko sawa, mama?" Tabita alisema iko sawa. Lilikuwa jibu lilelile, na sasa lilitoka bila kukwama.

*

Mama Clever alipata msiba Vwawa, akaondoka asubuhi. Alimwambia Tabita walipokutana kisimani. Tabita alisimama na ndoo akipiga mahesabu ya watu anaoweza kuwaomba, akakosa. Akaenda sokoni.

Kirikuu, kigari cha mizigo, kiliingia getini jua likiwa juu, kinyumenyume, kama gari la mtu anayejua anakokwenda. Wakashuka wanaume watatu, dereva akabaki ndani. Rubeni aliwaona dirishani. Mwanzoni alidhani ni wateja wa Tabita waliotumwa kuchukua mchele, hata akavuta kiti karibu na mlango ili awakaribishe.

"Hodi, mzee," alisema mmoja aliyevaa kofia ya sufu. Alikuwa ameshaingia.

"Karibuni. Mmetoka sokoni?"

Wawili walipita moja kwa moja chumba cha nyuma. Yule wa kofia alishika kiti cha Rubeni, akakisukuma taratibu mpaka ukutani, akakanyaga breki, kisha akachukua simu ya Rubeni kwenye kochi na kuitia mfukoni.

"Utulie tu, mzee wangu. Hatuna shida na wewe."

Rubeni aliingiza mkono ndani ya shati, akakipata kitufe. Akakibonyeza. Taa ya kijani ilikuwa inawaka juu ya kichwa cha yule wa kofia. Akakibonyeza tena, akakishikilia muda mrefu, jinsi Lusubilo alivyomfundisha siku ya kwanza alipokuja kuifunga alamu. Mtu wa kofia aliutazama mkono uliokuwa ndani ya shati.

"Kifua kinakuuma?"

"Kidogo."

Wakatoa magunia moja baada ya jingine, wakitembea kwa miguu mizito ya wapagazi. Wakatoa friji. Wakatoa televisheni, na cherehani ambayo Tabita alishonea sare za kwaya. Hawakuwa na haraka. Mwanamke mmoja alisimama barabarani na kuuliza, na Rubeni alimsikia dereva akimjibu kwa heshima, "Mgonjwa anahamishiwa kwao, mama. Huku hana wa kumwangalia." Yule mwanamke akasema Mungu amjalie, akaenda zake. Rubeni alifungua kinywa amwite. Mtu wa kofia alitikisa kichwa mara moja tu, bila kutoa silaha yoyote, na Rubeni akakifunga.

Akabonyeza tena. Jasho lilimtoka. Midomo ilimkauka mpaka ikashikana, na mtu wa kofia aliona. Akaenda kwenye mtungi wa kona, akachota maji kwa kikombe cha bati, akamletea mdomoni.

"Kunywa, mzee."

Rubeni akanywa. Alipomaliza alisema, "Asante." Lilimtoka lenyewe, kama linavyomtoka mtu aliyelelewa.

Kirikuu kilipotoka, walirudishia geti.

*

Tabita alirudi mapema, kwa sababu Rubeni hakupokea simu. Alimkuta pale pale ukutani, breki asizoweza kuzifikia zimekanyagwa, amejikojolea. Hakupiga kelele. Alimvua, akamwosha, akambadilisha, ndipo alipoenda chumba cha nyuma kuangalia. Sakafuni zilibaki punje za mchele zilizomwagika kutoka gunia moja lililotoboka, mstari mwembamba mpaka mlangoni.

Polisi walikuja, wakamhoji Rubeni kwa upole. Walikuwa wangapi, walivaa nini, waliongea lugha gani. Alijibu yote.

"Walikupiga?"

"Hapana."

"Walikutukana?"

"Hapana."

"Walikufanya chochote?"

Rubeni aliangalia nje. "Hawakunifanya chochote."

Fortunata alipiga, na Tabita aliweka simu sikioni akiwa amesimama. "Lakini mama, alamu si ilikuwepo?" binti yake alirudia kuuliza. "Baba hakubonyeza?" Tabita alisema mtandao ulisumbua. Mbeya nao walipopigiwa waliangalia kwenye mitambo yao, na Jenista akasema kwa masikitiko, ambayo huenda yalikuwa ya kweli, kwamba siku ile hapakuwa na taarifa yoyote iliyoingia kutoka nyumba ile, na kwa kuwa mteja ndiye aliyehama mtandao, kampuni isingeweza kuwajibika.

"Ninyi ndio mlioniambia nihame," Tabita alisema.

"Tulikushauri, mama. Kushauri si kuagiza."

Kesho yake Lusubilo akafika. Alikuwa kijana mwembamba mwenye macho mekundu ya barabarani, na alimwamkia Rubeni kwa kuinama sana. Akaunganisha kompyuta na kisanduku, akapiga simu kwa mtu fulani wa mtandao anayemfahamu, wakataniana kidogo, na yule mtu akafungua kilichotakiwa kufunguliwa. Kazi nzima ilikwisha kabla chai aliyoandaliwa haijapoa.

"Mzee, tujaribu. Bonyeza."

Rubeni hakusogeza mkono.

"Bonyeza, baba Fortunata," Tabita alisema.

Hakubonyeza. Lusubilo, kwa aibu, akainama akakibonyeza mwenyewe pale kwenye kifua cha mzee. Simu ya Tabita ikaita papo hapo: Mbeya, wakiuliza kuna tatizo gani. Baada ya muda mfupi pikipiki mbili zikaingia getini kwa kasi, wakashuka walinzi wenye kofia ngumu na rungu, wakazunguka nyumba, wakaingia mpaka sebuleni pasipokuwa na televisheni tena.

"Kuna usalama, mama?"

"Upo," Tabita alisema. "Tulikuwa tunajaribu."

Wakapiga saluti, wakaondoka.

*

Barnaba, mdogo wake Rubeni, alishuka kutoka Iyula Jumamosi na gari ya kuazima. Hakulaumu mtu. Alikaa sebuleni, akala alichopewa, kisha akasema nyumbani kwake watu hawakosekani mchana kutwa, msimu wa kahawa ndio huo umeanza, kuna wachumaji, kuna watoto, kuna mama mkubwa anayekaa barazani.

"Kaka akae kwetu kidogo, shemeji. Mpaka ujipange."

"Kidogo mpaka lini?"

"Mpaka ujipange," Barnaba alirudia.

Tabita alisema alamu sasa inafanya kazi, wameijaribu, walinzi walifika mara moja. Alimgeukia mumewe amsaidie. Rubeni alisema, "Nitaenda na Barnaba." Barnaba akatoka nje kutandika godoro kwenye gari.

Walibaki wawili chumbani, Tabita akikunja nguo za mumewe na kuziweka kwenye begi. Alipofika kwenye mashati alisimama.

"Kuna kitu sikukwambia. Ile taa ilikuwa ya umeme tu. Ile jioni waliniambia haifanyi kazi, nikakudanganya. Niliogopa hutalala."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuwa nakusikia nyuma ya nyumba. Dirisha la choo liko pale pale juu ya jiko, sauti inaingia mpaka ndani." Rubeni alikuwa akitazama mikono yake iliyolala mapajani. "Kila siku nilikusikia. Nikaona nisikwambie kwamba nimejua, maana ungeshindwa kwenda sokoni."

Tabita alikaa kitandani na shati mikononi.

"Sasa ulibonyeza ya nini?"

Nje Barnaba alikuwa anapiga godoro vumbi litoke.

"Wanabeba mali yako mbele yangu," alisema. "Ningefanya nini kingine, Tabita? Kidole ndicho kilichobaki."

Barnaba aligonga mlango, akauliza kama wako tayari. Tabita alifunga zipu ya begi, akampa. Kisha akainama, akapitisha mikono chini ya kwapa za mumewe, Barnaba akashika miguu, wakamtoa nje.

Jumatatu Tabita alifungua kibanda. Hakuwa na mchele wake. Alikuwa anauza wa jirani kwa kamisheni. Simu yake ilikuwa hewani siku nzima, mtandao umejaa, na wateja walimpata kila walipopiga.